Kimashine cha Mionzi Hakipimi Malaria: Maswali na Majibu

Vimashine vya mkononi vya kupimia mionzi ya umeme na minara vimeanza kuonekana hata huku Tabora. Wengine wameviagiza mtandaoni, wengine wameazima kwa jirani. Kuwa nacho si kosa. Tatizo ni mgonjwa anayefika kwetu kituo cha afya akiwa na picha za namba zilizopigwa kila kona ya nyumba, na homa ya siku ya 5 ambayo haijapimwa popote.

Kimashine hiki kinapima nini hasa?

Vitu vitatu, na si kila kimashine kina vyote. Cha kwanza ni uga wa sumaku, yaani eneo linalofikiwa na nguvu ya sumaku, unaotokea umeme unapopita kwenye waya. Husomwa kwa mikrotesla (µT) au miligausi (mG), na 1 µT ni sawa na 10 mG. Cha pili ni uga wa umeme, ambao upo hata taa ikiwa imezimwa, mradi waya una umeme. Huu husomwa kwa volti kwa mita (V/m). Cha tatu ni mawimbi ya redio ya simu, Wi-Fi na minara, yanayosomwa kwa wati au miliwati kwa mita ya mraba.

Hakipimi mionzi ya eksirei. Hakipimi moshi wala hewa ya mkaa. Hakipimi presha, sukari, wala vimelea vya malaria.

Nimepakua programu ya kupima mionzi kwenye simu. Inasoma 34 µT chumbani. Nihame?

Usihame. Unachosoma ni sumaku ya dunia yenyewe, ambayo huku kwetu iko kati ya 30 na 40 µT, chumbani, shambani na katikati ya pori. Programu hizo hutumia dira iliyomo ndani ya simu, na dira haikutengenezwa kufuatilia umeme wa majumbani unaobadilika mara 50 kwa sekunde. Ndiyo maana namba inaruka ukiisogeza karibu na spika, geti au kitanda cha chuma. Ifute.

Tangu mnara ujengwe jirani, kichwa kinaniuma na nachoka sana. Nianze kwa kupima mionzi?

Hapana. Anza kwa kupima mwili wako. Leo, si wiki ijayo.

Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, Tabora ndio mkoa ulioongoza Tanzania kwa malaria kwa watoto wa chini ya miaka 5: watoto 23 kati ya kila 100 waliopimwa walikuwa nayo. Kichwa kinachouma, mwili unaochoka na joto linalopanda na kushuka vina sababu ya kwanza ya kutafutwa hapa kwetu, na haiko juu ya mnara. Kipimo cha haraka cha malaria kinataka tone moja la damu ya kidole, na majibu hutoka ndani ya kama dakika 20. Homa ikianza, mgonjwa awe amepimwa ndani ya saa 24.

Kama huna homa, pima presha. Mtu mzima anayesoma 140/90 au zaidi kwa kurudiarudia anahitaji kufuatiliwa na kutibiwa. Akifika 180/120 huku kichwa kinauma sana, kifua kinabana, macho yanaona ukungu au upande mmoja wa mwili umelegea, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Na tafadhali, tuache kumeza diklopa kila siku tukisubiri mnara uhamishwe. Dawa hiyo inapandisha presha, inachubua tumbo na kuumiza figo. Hata Panado, ukiimeza siku nyingi za mwezi kwa miezi mfululizo, huweza yenyewe kuwa chanzo cha kichwa kuuma.

Lakini nikitoka nyumbani napata nafuu, nikirudi kichwa kinaanza tena. Hiyo si dalili ya mionzi?

Swali zuri, na jibu lake linaweza kukuokoa: unapikia wapi, na jiko la mkaa linalala wapi?

Mwezi wa 6 na wa 7 usiku wa Tabora ni wa baridi, na watu wengi huingiza jiko ndani baada ya kupika, wakafunga mlango na dirisha. Mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na mkaa uliokwisha kuiva bila moshi unaitoa vilevile. Inashika damu mahali pa oksijeni. Mtu anaamka na kichwa kizito, kichefuchefu na miguu isiyo na nguvu. Akitoka nje saa kadhaa anapata nafuu, jioni akirudi yanaanza upya. Mara nyingi nyumba nzima inalalamika, hata mgeni aliyelala usiku mmoja. Halafu kimashine kinasoma 0.02 µT, na wenye nyumba wanaambiana nyumba ni salama.

Jiko la mkaa halilali ndani. Hata likiwa limebaki majivu mekundu, halilali ndani. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Jenereta nayo isiwashwe ndani, kwenye korido wala chini ya dirisha la chumba.

Ukimkuta mtu amelegea chumbani penye jiko, fungua mlango, mtoe nje kwanza, kisha mkimbize kituo chenye oksijeni. Usipoteze muda kumpa maziwa. Ukifika, mwambie mhudumu waziwazi kwamba kulikuwa na jiko la mkaa, kwa sababu kile kibanio cha kidoleni huweza kuonyesha oksijeni 98 wakati damu imejaa sumu. Usipotaja mkaa, unaweza kurudishwa nyumbani.

Sawa. Nikitaka kupima nyumba kwa usahihi, nafanyaje?

Weka betri mpya kwanza. Vimashine vingi hutumia betri ya volti 9, na ikidhoofika namba zinayumba. Simu zote za chumbani zizimwe au ziwekwe kwenye hali ya ndege. Simu iliyo mfukoni mwa mpimaji huharibu kipimo cha mawimbi kuliko mnara wa mtaa wa pili.

Uga wa sumaku upimwe mahali watu wanapokaa muda mrefu: kwenye mto, kwenye kiti cha kusomea, anapolala mtoto. Kubandika kimashine kwenye mgongo wa friji hakukuambii lolote la maana. Tulia, usikitembeze wakati unasoma. Ukikizungusha haraka ndani ya sumaku ya dunia namba hupanda yenyewe. Kama ni kile cha mhimili mmoja, yaani kinachosoma upande mmoja tu kwa wakati, ambacho ndicho cha bei nafuu, soma pande tatu: kikielekea mbele, kikielekea pembeni, kikielekea juu. Kila namba izidishe kwa yenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata jumla hiyo. Ukipata 0.2, 0.3 na 0.6, jumla ni 0.49, na jibu ni 0.7 µT. Wengi husoma upande mmoja tu na kuandika 0.2.

Kisha zima swichi kuu, usome tena palepale. Namba ikianguka, chanzo kiko ndani. Ikibaki, inatoka nje: nyaya za mtaani, transfoma, au upande wa pili wa ukuta kwa jirani. Rudia jioni watu wakiwa wamewasha pasi na majiko ya umeme, maana uga wa sumaku hufuata umeme unaotumika. Kipimo cha saa 4 asubuhi hakiwakilishi usiku.

Kwa uga wa umeme, weka kimashine juu ya meza ya mbao na usogee pembeni, kwani mkono na mwili wako vinabadilisha namba. Kwa mawimbi ya redio, angalia kama kioo kinaonyesha kilele au wastani. Kilele hurukaruka kila simu inapoita mtandao. Viwango vya usalama vinahesabiwa kwa wastani, na mwongozo wa kimataifa wa 2020 unatumia wastani wa dakika 30 kwa mwili mzima.

Wenye umeme wa jua: paneli na betri hutoa umeme usiogeukageuka, na vimashine vingi havioni kitu hapo. Utakachosoma ni inveta, ile inayogeuza umeme huo kuwa wa majumbani.

Namba gani ni kubwa?

Kwa umeme wa majumbani, ambao kwetu ni volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, mwongozo wa kimataifa wa 2010 unaweka kikomo cha 200 µT kwa watu wa kawaida. Ule wa 1998 uliweka 100. Pasi ikisomwa kwa sentimita 3 hutoa kama 8 hadi 30 µT, lakini ukirudi sentimita 30 inabaki 0.12 hadi 0.3. Friji kwa sentimita 30 haizidi sana 0.25. Umbali ndio dawa, na haiuzwi.

Kwa mawimbi ya mnara, kikomo kwenye masafa ya 900 MHz ni wati 4.5 kwa mita ya mraba. Hapa ndipo watu wanapotishwa na sifuri. Kimashine kinaandika 20,000 kwa mikrowati, taa nyekundu inawaka, mlio unalia. Mikrowati 20,000 ni wati 0.02, yaani chini ya sehemu moja ya 200 ya kikomo. Rangi ya taa aliipanga mtengenezaji wa kimashine.

Na kukaa chini kabisa ya mnara si lazima kuwe ndiko kwenye namba kubwa. Antena hutupa mawimbi mbele, si miguuni pake. Tena mtandao ukiwa dhaifu ndipo simu yako inapojikaza kurusha kwa nguvu zaidi, ikiwa sikioni mwako.

Si Shirika la Afya Duniani (WHO) wenyewe walisema mionzi hii huenda inaleta saratani?

Wakala wake wa utafiti wa saratani uliweka uga wa sumaku wa umeme kwenye kundi la 2B mwaka 2002, na mawimbi ya redio mwaka 2011. Kundi hilo ni la vitu ambavyo huenda vikawa na uhusiano na saratani lakini ushahidi ni mdogo. Kwa uga wa sumaku, shaka inatokana na tafiti za saratani ya damu kwa watoto wanaoishi kwenye wastani wa zaidi ya 0.3 hadi 0.4 µT, haijathibitika kwamba sumaku ndiyo chanzo.

Kwa hiyo kama kichwa cha mtoto kinalala mgongoni mwa mita ya LUKU na swichi kuu, na unasoma 0.5 usiku kucha, sogeza kitanda mita moja au mbili. Ni bure. Ila chandarua kihame pamoja na kitanda! Tunaona watoto waliohamishiwa sebuleni kukwepa mionzi, wakalala bila neti. Hapo umemkimbiza mtoto kwenye shaka ukamtupa kwenye hatari ya hakika.

Mtoto ana homa. Nimezima Wi-Fi na kumhamisha chumba, nione kama itashuka?

Usisubiri kuona. Mpeleke akapimwe. Homa ya mtoto haisubiri Wi-Fi, haisubiri mnara, haisubiri kimashine. Kama ana degedege, anatapika kila kitu, hanyonyi, anahema haraka au hazinduki vizuri, ni dharura, hata kama ni usiku wa manane.

Mimi ni mjamzito wa miezi 7, kichwa kinauma na macho yanaona nyota. Dada yangu anasema ni simu.

Si simu. Mama, nenda sasa. Kichwa kikali, kuona ukungu au nyota, maumivu chini ya mbavu kulia, uso na mikono kuvimba: hizo ni dalili za hatari za presha ya ujauzito, na hatua inayofuata inaweza kuwa kifafa cha mimba. Upimwe presha na mkojo leo. Anayekuambia kwanza uzime simu anakuchelewesha.

Kwa hiyo mnasema maumivu yetu ni ya kufikirika?

Hapana. Maumivu ni ya kweli na hatuyadharau. WHO ilieleza mwaka 2005 kwamba dalili za wanaojiona wanadhurika na mawimbi ni za kweli, ila hakuna msingi wa kisayansi wa kuzihusisha na mawimbi hayo. Katika majaribio, watu hao hawakuweza kutambua kama mawimbi yamewashwa au yamezimwa vizuri zaidi ya mtu anayebahatisha. Ndiyo sababu tunakusihi uje tutafute chanzo: malaria, presha, upungufu wa damu, sukari, macho, usingizi, mkaa.

Stika za kuzuia mionzi na karatasi ya aluminiamu dirishani zinasaidia?

Stika ni kupoteza hela. Karatasi ya aluminiamu inazuia kiasi cha mawimbi, na inaziba hewa. Kwenye chumba chenye jiko hiyo ni mtego. Ibandue.

Nikiwa na wasiwasi wa kweli na mnara, nani apime?

Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC) ndiyo yenye kazi hiyo, na vifaa vyake hukaguliwa usahihi. Andika barua ukitaja mtaa na umbali wa nyumba kutoka mnara. Wakati barua inakwenda, wewe nenda zahanati.

Friji yangu inanipiga shoti nikiigusa, lakini kimashine kinasoma kawaida. Niendelee kuitumia?

Usiiguse tena. Zima swichi kuu, chomoa waya wa friji, ita fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, akague ethi (waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini) na nyaya. Kimashine hiki hakikuambii kama bati la friji lina umeme, na usikitumie kuamua kama waya uliokatika unaua au hauui. Vivyo hivyo, ukisoma sumaku kubwa katikati ya chumba kisicho na chombo chochote, huenda nyaya zimeunganishwa vibaya. Fundi ndiye wa kuitwa, si mganga, na ukuta usiutoboe mwenyewe.