PM2.5 si jina la sumu

Wengi wakiona namba ya PM2.5 kwenye simu hudhani ni sumu fulani. Sivyo. Hicho ni kipimo cha ukubwa tu: chembe zinazoelea hewani, za upana wa maikromita 2.5 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) kushuka chini. Masizi ya dizeli yamo, vumbi la udongo limo, salfeti ya moshi wa makaa ya mawe nayo imo, mizani haibagui.

Ndiyo maana vituo vya Marekani vinavyochunguza kemikali hupitisha hewa saa 24 kwenye vichujio vitatu: cha Teflon kwa metali, cha nailoni kwa chumvichumvi kama nitrati, cha kwatzi kwa kaboni. Hiki cha mwisho huingia cheupe, kikatoka na duara la kijivu, mjini hata jeusi. Potasiamu ikipanda, shuku moshi wa kuni. Silikoni na alumini zikipanda pamoja, ni udongo.