Kilometa za gari zinadanganya? Tafuta sababu kabla ya mashine

Wengi wanaoniletea gari hapa Kizota wanakuja na ombi moja, fundi nishushie kilometa, yaani nichomeke mashine ya kuandika upya namba ya kilometa kwenye dashibodi. Nawauliza, zimezidi ukweli au zimezidi bei unayotaka kuuzia? Kuna wanaocheka, kuna wanaowasha gari na kuondoka.

Ila kuna kesi za kweli kabisa. Huku Dodoma nakutana sana na ya matairi. Mtu ana gari ya chini, njia ya kwao huko ndani Kondoa imejaa makorongo, anavua 195/65R15 anaweka 205/70R15 ili gari inyanyuke. Inanyanyuka kweli, lakini mzunguko wa tairi umeongezeka kama asilimia 5 na ile sensa ya kwenye gia boksi haijui habari za tairi, yenyewe inahesabu mizunguko inapeleka dashibodi basi, kwa hiyo penye 100 umetembea 105 hivi, na spidi nayo inasoma pungufu ya mwanzo halafu ukipigwa tochi unabishana na trafiki. Hapo haki ni KUONGEZA kilometa, na hakuna aliyewahi kuniomba hilo 😂. Dawa yake ni kurudisha saizi ya kiwandani.

Kupima unaweza mwenyewe. Shika barabara ya Morogoro, tripu weka ziro, fuata vile vibao vya kilometa pembeni, nenda angalau 20 huku simu imewasha GPS. Usipime kilometa 2 ukaanza kunipigia usiku.

Gari iliyotoka Uingereza angalia kwanza kama inasoma maili, maana 80,000 za maili ni karibu kilometa 129,000, madalali wengine wanakaa kimya hapo.

Kesi ngumu ni dashibodi iliyokufa ukanunua ya mtumba. Inakuja na kilometa za gari ilikotoka, kwa sababu gari nyingi namba ya kilometa inakaa kwenye chipu ya dashibodi yenyewe. Hapa ndo mashine ina kazi halali, naandika kilometa za gari yako, ila lete ushahidi: picha ya dashibodi ya zamani, stika ya kumwaga oili, au eksipoti setifiketi kama gari ni ya Japani, ile ina kilometa zimeandikwa. Nikimaliza nakupa karatasi, namba ya kwanza, namba mpya, tarehe, mwoneshe utakayemuuzia.

Kuchakachua sifanyi. Kuna gari zinabadilisha taiming belti kila kilometa 100,000, sasa ukishusha 140,000 ikawa 60,000 mwenzio anaendesha akijua belti bado, ikikatika injini nyingine valvu zinagonga pistoni. Na baadhi ya gari namba inatunzwa pia kwenye kontroli boksi nyingine, ukichomeka mashine ya kupimia inaonekana.

Gari za zamani ambazo dashibodi inaendeshwa na kebo, kama mshale unarukaruka au namba zimeganda, kagua kebo na kigia cha plastiki pale gia boksi, meno yakiwa yamelika badilisha, programu haihusiki kabisa.