Gomen si mchicha, jamani

Mgonjwa huyu ni wa nne mwezi huu. Jiwe lake la figo, la kalsiamu oksaleti, limetolewa juzijuzi, na sasa ameketi mbele yangu kama mfiwa: "Daktari, chakula cha Kihabeshi nimekiaga. Yale majani ni mchicha mtupu." Mimi ni mtu wa lishe, si daktari, lakini hilo tuliache.

Gomen, hayo majani anayoyasema, si mchicha. Ni jamaa ya sukuma wiki, na sukuma ina kidogo tu ya oksaleti, ile kemikali ya mimea inayoungana na kalsiamu kuwa jiwe. Wenye mzigo ni mchicha, na ile inayouzwa vibandani Nairobi kwa jina la spinachi. Sasa, hiyo spinachi ya vibandani hata Waethiopia wanayo, wanaiita kosta, na kuna majiko yanayoikaanga kwa kitunguu na saumu vilevile kama gomen, kisha menyu inaandika "mboga za majani" basi. Nimewahi kudanganyika mwenyewe, na hii ndiyo kazi yangu. Kosta ikiiva hulala kama kitambaa kilicholowa. Gomen hubaki na ukaidi, lazima uitafune. Muulize mhudumu: gomen au kosta? Akibabaika, omba tikil gomen, ile ya kabichi.

Doro wot (mchuzi wa kuku), misir (dengu), kik alicha (njegere kavu zisizo na pilipili): kula. Kitfo, ile nyama ya ng'ombe iliyokatwakatwa, kula kwa kiasi, maana nyama nyingi ina shida zake kwa mawe. Bitiruti ya key sir iache. Bizari ya manjano ya kwenye alicha ni kidogo tu. Ninaogombana nao ni wanaomeza vidonge vya manjano "kusafisha mwili". Maji mnajua.

Injera, ule mkate wa chapati unaotengenezwa kwa nafaka ya teff, ndipo ninapotoa jasho. Majedwali ya oksaleti yanapingana hata kuhusu chakula kimoja, na kwa teff siwezi kuapa. Nawaambia wale moja badala ya mbili. Hiyo ni tahadhari yangu tu, msiiite sayansi.

Lakini anayenimaliza kabisa ni yule anayeisukuma ayib, ile jibini laini, pembeni eti kwa sababu jiwe lina kalsiamu. Kalsiamu ya chakula hukamatana na oksaleti humo humo tumboni, zikatoka pamoja chooni. Ukiikosa, oksaleti hubaki huru, hufyonzwa, na safari yake huishia kwenye mkojo. Watafiti wa Kiitaliano waliwafuatilia wanaume 120 wenye mawe kwa miaka 5, wakachapisha mwaka 2002: kati ya 60 waliopunguza kalsiamu, 23 walirudiwa na mawe, kati ya 60 waliokula kalsiamu ya kawaida huku wakipunguza chumvi na nyama, ni 12.

Ndiyo maana beyaynetu ya mfungo, injera iliyopangwa mboga mbalimbali, sahani ambayo wagonjwa wangu huiona salama kuliko zote, ndiyo ninayoihoji zaidi. Jumatano na Ijumaa Waorthodoksi hawagusi maziwa, kwa hiyo ayib haipo, na pale katikati mara nyingi pamekaa bitiruti. Anayefunga kwa imani, tukae tupange kalsiamu yake itoke wapi. Usiyefunga, nenda Alhamisi.