Severally si "mara nyingi", na ukidhamini loni utaijua

Jamani tuelewane kuhusu hili neno severally, maana nimechoka kulieleza barua ya madai ikiwa ishafika. Hapa Kenya tunasema "I called you severally" tukimaanisha nimekupigia mara kibao, sasa mtu akikutana na "jointly and severally" kwenye fomu ya kudhamini loni anaona ni mapambo ya mawakili, ama anajipigia hesabu, tuko wadhamini wanne, deni laki nne, yangu ni laki moja basi. Wapi!

Severally kwa Kiingereza cha sheria ni kila mtu kivyake. Ikisimama peke yake ni kweli, kila mmoja anabeba fungu lake. Balaa ni ikiungana na jointly, yaani kwa pamoja: benki inaweza kumwandama yeyote kati yenu kwa laki nne nzima. Haiwezi kuvuna zaidi ya deni, lakini ya kuanza na nani inachagua yenyewe, na mwenye pesilipu anajijua.

"Kwani wakili, si haki tugawane?" Ni haki, ila hiyo ni kesi yenu wadhamini, benki haimo. Ukishalipa unawadai wenzako watatu laki moja moja, ama unamgeukia aliyekopa kwa zote. Vitabu vinaishia hapo. Mimi nina shaka kama dawa hiyo inaponya, kwa sababu hao wangekuwa na pesa ya kushikika si ajabu benki ingewafikia kabla yako, na kumshtaki mtu laki moja kuna gharama yake.

Halafu usishangilie neno likikosekana. Tanzania sheria ya mikataba ilichotwa kwenye ile ya India ya 1872, na humo mkiahidi pamoja tu, bila makubaliano mengine, yeyote anaweza kubanwa kwa ahadi yote. Afadhali fomu inayotaja kiasi mbele ya jina lako, kuna Sacco zinafanya hivyo, hapo angalau unajua mwisho wako ni wapi.

Kwenye maongezi semeni mnavyotaka, hata sijui kama bado ni kosa maana Nairobi nzima inaelewana. Ila imeili ikienda kwa Mwingereza andika several times, la sivyo atajiuliza mlikuwa wangapi mliopiga simu, kila mmoja na yake.