Uraia sio siasa za vyama jamani

Juzi pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, mama mmoja anageuza dagaa huku analalamika, eti kufundisha somo la uraia sekondari ni kuwaingiza watoto kwenye vyama. Hapana mama! Mtoto anajifunza mfano kijiji kinaendeshwaje, kwamba halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25 na mkutano mkuu ni wa kila mkazi aliyefika miaka 18, awe na kadi ya chama au asiwe nayo. Shida ni ufundishaji, kukariri tu (mi mwenyewe nilikariri hivyohivyo). Wapelekeni basi wanafunzi wa Ukerewe kwenye mkutano wa kijiji wasikie mapato na matumizi yakisomwa, wamwone na yule mzee anayenyoosha mkono kuuliza hela ya choo cha shule imeishia wapi.