Maana ya kupatwa kwa Mwezi, na kwa nini hakuji kila bamvua

Kupatwa kwa Mwezi ni tukio linalotokea Dunia inapopita katikati ya Jua na Mwezi, kivuli chake kikauangukia Mwezi mpevu na kuufifiza kwa saa kadhaa. Tusilichanganye na kukua na kupungua kwa Mwezi. Mwezi mchanga haujafunikwa na kivuli cha Dunia hata kidogo, bali tunauona ukingo mwembamba tu wa upande wake unaomulikwa na Jua.

Watu wa pwani ya Mtwara na Lindi wanaijua nusu ya jambo hili kwa kazi zao. Jua, Dunia na Mwezi vinapokaribia kuwa katika mstari mmoja, mvuto wa Jua huungana na ule wa Mwezi, na bahari huwa katika bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida; ndiyo maana siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji ya ghuba ya Mikindani hupwa sana, miamba ikatokeza, na wachokoaji pweza wakayafikia kwa miguu mashimo ambayo wakati wa maji mafu hubaki chini ya maji. Bamvua hurudi mara mbili katika kila mwandamo, yaani siku 29 na nusu hivi. Basi ni haki kuuliza: mbona Mwezi haupatwi kila unapopevuka?

Sababu ni kwamba njia ya Mwezi imeinama kwa takriban nyuzi 5 ikilinganishwa na njia ya Dunia kulizunguka Jua. Mwezi uko umbali wa wastani wa kilomita 384,400, na kwa umbali huo mwinamo mdogo kama huu unatosha kuupitisha juu au chini ya kivuli, ingawa kivuli chenyewe hapo kina upana unaozidi mara mbili ule wa Mwezi. Bamvua haidai mstari ulionyooka kabisa, lakini kivuli kinaudai. Nafasi hiyo hupatikana takriban kila miezi sita, Mwezi unapopevuka karibu na mahali njia hizo mbili zinapokatana.

Ilikuwa hivyo tarehe 7 Septemba 2025. Kivuli kizito kilianza kuumega Mwezi saa 1:27 usiku kwa saa za Tanzania, kikaumeza wote saa 2:30, na ukabaki ndani yake kwa dakika 82. Palipokuwa na anga safi haukupotea, bali uligeuka mwekundu wa shaba, kwa sababu angahewa ya Dunia hutawanya mwanga wa buluu na kuupinda ule mwekundu hadi ukaufikia Mwezi. Waislamu huswali swala maalumu wakati kama huo, na yeyote anaweza kuutazama Mwezi kwa macho matupu bila madhara.

Kupatwa kwa Jua ni kinyume chake: Mwezi ndio unaokaa katikati, siku za mwandamo, na kulitazama Jua bila miwani maalumu huumiza macho. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, wakaliona Jua limebaki pete. Kivuli cha Mwezi ni chembamba, hivyo pete huonekana katika ukanda mdogo tu, ilhali Mwezi unapopatwa huonekana na nusu nzima ya Dunia iliyo gizani.