Vyama Hasimu Vikishirikiana: Kabla ya Kulalamika, Uliza Kuna Karatasi Gani

Uchaguzi Mkuu wa 10 Agosti 2027 unapokaribia, malalamiko ya aina moja yanazidi: "chama chetu kimeuzwa", "mbunge wetu amehamia serikalini, anyang'anywe kiti". Wanaolalamika huwa na nia njema, lakini wanachanganya mambo manne ambayo sheria ya Kenya imeyatenganisha: maelewano, muungano, muungano uliosajiliwa kama chama, na vyama kuungana kuwa kimoja. Athari zake kwa kiti cha mbunge na kadi yako ya uanachama hazilingani.

Maelewano ndiyo watu huita handisheki. Viongozi wanatia saini, picha zinapigwa, basi. UDA, chama cha Rais William Ruto, na ODM, chama kilichokuwa upinzani, zilipotia saini hati yao ya vipengee kumi tarehe 7 Machi 2025, kila kimoja kilibaki chama kinachojitegemea, chenye wanachama na maafisa wake. Hati ya namna hiyo pekee haimhamishi mwanachama hata mmoja. Wala hakuna sheria inayomzuia Rais kuteua waziri kutoka chama pinzani, mradi Bunge la Taifa limwidhinishe. Kwa kuwa waziri haruhusiwi kuwa mbunge, aliye bungeni huachia kiti. Ndiyo sababu eneo bunge la Ugunja, ambalo mbunge wake aliteuliwa waziri, lilifanya uchaguzi mdogo Novemba 2025.

Muungano ni jambo zito zaidi. Kwanza mkataba uidhinishwe na vikao vya kila chama kwa mujibu wa katiba yake. Saini ya kinara peke yake haitoshi, hata kama chama kizima kinajulikana kwa jina lake. Kisha uandikwe, utiwe saini na maafisa wa kitaifa walioidhinishwa, uapishwe mbele ya kamishna wa viapo na kuwasilishwa kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa. Ukifanywa baada ya uchaguzi, uwasilishwe ndani ya siku 21 tangu kutiwa saini. Jedwali la Tatu la Sheria ya Vyama vya Kisiasa linataka mkataba utaje, miongoni mwa mengine, vyama wanachama, sera, namna ya kugawana nyadhifa na fedha, kanuni za mchujo, njia ya kusuluhisha mizozo, adhabu kwa anayekiuka, na sababu za kuvunja muungano. Vipengele viwili vya mwisho ndivyo huandikwa kwa haraka, na ndivyo vinavyoleta kesi. Vyama vilivyotaka kuuhama muungano wa Azimio baada ya uchaguzi wa 2022 vilikumbushwa kwamba mlango wa kutokea uko ndani ya mkataba, si kwenye mkutano na wanahabari.

Tangu marekebisho ya 2022, muungano wenyewe unaweza kusajiliwa kama chama. Mwaka ule kikomo cha kuwasilisha mkataba kilikuwa 9 Aprili, miezi minne kabla ya kura ya 9 Agosti. Raila Odinga aliwania urais kwa tikiti ya Azimio, huku wagombea ubunge wakisimama kwa tikiti za ODM, Wiper, Jubilee na vinginevyo.

Vyama vikiungana kuwa kimoja, vya zamani huvunjwa. Mbunge asiyekitaka chama kipya hapotezi kiti: ana siku 30 tangu kisajiliwe kujiunga na kingine au kuwa mbunge huru.

Sasa hili la kunyang'anya viti, ambalo tumelieleza mara nyingi. Kupiga kura na upande wa pili si kuhama chama. Kupigwa picha Ikulu pia si kuhama. Mtu huhesabiwa amejiuzulu akiunda chama kingine, akijiunga nacho, au akitangaza hadharani sera na maslahi ya chama kingine, na hata hapo kuna kinga kwa vyama vilivyo katika muungano mmoja. Chama chenyewe lazima kimwarifu mwanachama na kumpa nafasi ya kujitetea kwa utaratibu wa katiba yake. Kikishaamua, kinamwarifu Msajili, ambaye ana siku saba za kufuta jina la mhusika kwenye orodha ya wanachama. Asiporidhika kwamba mhusika alisikizwa, jina halifutwi. Vyama vingi huruka hatua ya kumsikiza, kisha hushangaa Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa likimrejesha.

Jopo nalo halipokei mzozo wa washirika wa muungano kabla ya kuona ushahidi kwamba mlijaribu kusuluhishana ndani kwanza. Likishaupokea lina miezi mitatu kuamua. Asiyeridhika aende Mahakama Kuu.

Fedha huzua zogo kuliko sera. Asilimia 70 ya Hazina ya Vyama, yaani fedha za umma zinazopewa vyama vya kisiasa, hugawanywa kwa kura za uchaguzi mkuu uliopita, kwa hiyo handisheki ya katikati ya muhula haibadilishi hesabu hizo. Ndani ya muungano, mgao hufuata mkataba.

Kama wewe ni mwanachama, nenda makao makuu ya chama chako saa za kazi, uombe kuona rekodi na kupata nakala. Omba mambo mawili: mkataba na kumbukumbu za kikao kilichouidhinisha. Usajili wako mwenyewe unaweza kuukagua kwenye eCitizen; ukikuta umeandikishwa katika chama usichokijua, wasilisha kujiuzulu kwako kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.